Kanisa Kuu la Mkunazini: lililojengwa na linalosimuliwa

Mgeni akifika Mji Mkongwe, Unguja, haipiti siku mbili atapelekwa Mkunazini. Ataingizwa kwanza katika vyumba viwili vya chini, vyenye dari ya kumgonga kichwa, aambiwe watumwa walirundikwa humo kabla ya kuuzwa. Kisha atapandishwa kanisani, aonyeshwe duara la marumaru mbele ya madhabahu, aambiwe hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakichapwa. Ataona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, msalaba uliochongwa kwa mti wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, na akitoka nje atanyooshewa kidole mnara wa saa na kupewa habari ya Sultani aliyekataza usipite urefu wa jumba lake. Saa nzima haijaisha, kisa kimekamilika: palikuwa na utumwa, Waingereza wakaukomesha, kanisa likajengwa juu ya soko.

Kisa hicho kina kweli nyingi, ila kimekunjwa mno hadi mambo yaliyopishana kwa miaka mingi yanaonekana kama yalitokea siku moja. Kanisa hili, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa Kuu la Kristo, lilianza kujengwa utumwa ukiwa halali Zanzibar. Likaezekwa utumwa ukiwa bado halali. Askofu aliyelijenga akafa na kuzikwa ndani yake miaka 15 kabla ya amri ya kuukomesha kutolewa. Mtu akilishika hilo, hata mawe ya jengo anayatazama kwa jicho jingine.

Soko lilifungwa, utumwa ukabaki

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yote ya hadhara ya kuuzia watu katika himaya yake. Hakutia saini kwa hiari. Mapema mwaka huo Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikuja kumshawishi akaondoka mikono mitupu. Kilichombana Barghash ni Balozi John Kirk, aliyemwendea na ujumbe kwamba asipokubali manowari za Kiingereza zitazingira kisiwa. Naye Sultani hakuwa na pa kuegemea: mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, na mfuko wake ulikuwa unategemea karafuu na forodha. Soko la Mkunazini likafungwa.

Biashara iliyofungwa haikuwa ndogo. Katika miaka ya 1860 watumwa waliopita forodhani Unguja walifika takriban 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakitokea Kilwa, na kila kichwa kikilipiwa ushuru. Baadhi walipelekwa Oman na Ghuba. Wengi hawakwenda mbali. Walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, au majumbani, au kwenye mashamba ya mwambao. Hapa ndipo ile hadithi ya "Waarabu waliuza, Wazungu wakakomboa" inapopwaya. Misafara iliongozwa na Waarabu, Waswahili, Wayao na Wanyamwezi. Mitaji ilitoka kwa matajiri wa Kihindi, na forodha yenyewe ilikodishwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Nguo ya merikani iliyobadilishwa kwa pembe na watu huko bara ilifumwa Massachusetts. Na kabla ya hapo Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi walikuwa wateja wakubwa wa Kilwa na Unguja.

Mkataba ulikataza jahazi na mnada. Haukukataza kumiliki mtu. Mwenye watumwa hamsini Pemba usiku wa tarehe 4 Juni aliamka tarehe 6 akiwa nao wote. Biashara ikashuka kutoka baharini ikapanda nchi kavu, watu wakaswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, mpaka Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Bandarini Unguja ilitiwa nanga manowari kuukuu, HMS London, ambayo tangu 1874 ilikuwa kituo cha mashua za doria. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said akatoa amri ya kuzuia kuuziana watumwa. Amri yenyewe ya kuiondoa hali ya utumwa mbele ya sheria ilikuja tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, na hata hiyo ilikuwa na masharti yake: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aonyeshe ana pa kukaa na namna ya kujilisha, na bwana alipwe fidia. Masuria hawakuguswa mpaka 1909.

Basi Mkunazini ilipogeuzwa kiwanja cha ujenzi, waliopita njiani wakitazama kuta zikipanda wengi wao walikuwa bado mali ya watu.

Kiwanja, na bwana mwenye kamusi

Wamisionari waliolijenga walikuwa wa UMCA, misheni iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na baadaye Durham na Dublin, baada ya Livingstone kuwahutubia wanachuo wa Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wao ulikuwa wa maafa. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alipelekwa nyanda za Shire, katika Malawi ya leo, akafa kwa homa Januari 1862. Aliyemfuata, William Tozer, aliona afadhali warudi nyuma waanze upya mahali penye bandari, balozi na daktari. Mwaka 1864 akahamia Unguja pamoja na padri rafiki yake, Edward Steere. Wapo waliomcheka kwamba misheni ya Afrika ya Kati imekimbilia kisiwani. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa na Sultani Majid, waliokamatwa kwenye jahazi la magendo. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi.

Steere alisomea sheria kabla ya upadri, na akili yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kitu kinavyofanya kazi. Mwaka 1870 alikwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja alizosimuliwa na wenyeji. Baadaye akatafsiri Agano Jipya na Kitabu cha Sala. Kiunguja alichokiandika yeye ndicho kilichoshika njia mpaka kikawa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo hata asiyewahi kukanyaga Mkunazini ana deni kidogo kwake. Afya ya Tozer ilipoharibika, Steere ndiye aliyewekwa wakfu kuwa askofu, mwaka 1874.

Kiwanja kilipatikana vipande vipande. Padri mmoja wa misheni, Arthur Nugent West, alinunua sehemu. Sehemu nyingine inatajwa kuwa zawadi ya tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Mahali penyewe palikuwa ukingoni mwa mji, karibu na ule mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao siku hizi umefukiwa. Soko la watumwa lilikuwa limekwisha hamishwa zaidi ya mara moja kabla ya kufikia hapo, likizidi kusukumwa mbali na ikulu na nyumba za mabalozi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, hata miezi saba haijatimia tangu mkataba.

Haraka hiyo ilikuwa na maana yake. Soko lililofungwa kwa karatasi laweza kufunguliwa kwa karatasi, na hakuna aliyejua sultani ajaye atakuwa wa namna gani. Ukuta wa mawe ni habari nyingine.

Jengo lisilo na boriti

Michoro ilitoka London kwa msanifu C. F. Hayward, lakini anayedhani jengo lilikuja limefungwa kwenye sanduku ajaribu kwanza kuwaelewa mafundi wa Unguja na vitu walivyokuwa navyo mkononi.

Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga. Mawe hayo ni mepesi, yana vitundu, na hayachongeki kuwa matofali ya pembe kali kama mawe ya Ulaya. Fundi huyapanga ovyoovyo kwa macho ya mgeni, akiyashikiza kwa udongo na chokaa, na nguvu ya ukuta inatokana na unene wake. Kwa hiyo kuta za nyumba za mjini zina unene wa kuweza kukalisha mtu dirishani. Juu hulazwa boriti za mikoko, kisha mawe na chokaa iliyotwangwa kwa siku kadhaa. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi sana, ila ina ukomo: ikizidi kama mita tatu inapinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mikokoni.

Kanisa kuu halijengwi kwa upana wa mita tatu. Hayward alichora ukumbi mmoja mrefu wa mtindo wa basilika, unaoishia kwenye nusu duara yenye madhabahu, na ukumbi huo ulihitaji paa la kuruka kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati. Ulaya wangeweka kenchi za mbao ndefu. Unguja mbao hizo zingeletwa kwa meli kwa gharama kubwa, halafu zisubiri mchwa na unyevu wa kaskazi na masika.

Steere akaamua paa liwe la zege. Saruji ya Portland iliagizwa Uingereza, na kokoto zikawa matumbawe yaleyale yaliyopondwa. Chuma ndani yake hakuna, kwa sababu zege ya nondo wakati huo ilikuwa bado jaribio changa hata huko Ulaya. Umbo alilochagua ni kuba refu, kama mtumbwi uliopinduliwa juu ya kuta mbili, na umbo hilo ndilo siri ya kusimama kwake. Zege isiyo na chuma huvumilia sana kugandamizwa lakini hukatika upesi ikivutwa. Dari bapa ya zege ingevutwa upande wa chini kwa uzito wake na kupasuka katikati. Kwenye tao kila kipande kinamsukuma jirani yake, na uzito wote unateremka pembeni ukiwa ni mgandamizo mtupu. Gharama yake ni kwamba tao linasukuma kuta zitanuke nje, usiku na mchana, bila likizo. Hapo unene wa ukuta wa matumbawe, uliokuwa lazima tangu awali, ukafaa: uzito wake unaurudisha msukumo.

Watu walisema litaanguka. Hawakuwa wajinga, paa la namna hiyo, la mawe ya kumiminwa, lenye upana huo, hawakupata kuliona, na wala wahandisi wengi wa London hawakuwa wamejaribu kitu cha aina yake kwa saruji na matumbawe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ibada zilikuwa zimekwisha anza ndani. Paa lile lipo mpaka leo, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika jengo hili, ingawa watembezaji wengi hulipita wakikimbilia duara la marumaru. Ukiingia, kabla ya kuambiwa chochote, inua uso.

Vingine ni mchanganyiko ambao pwani hauishangazi: madirisha marefu ya ncha ya mtindo wa Kigothi, nakshi na matao yenye harufu ya Uarabuni, na kuta ambazo fundi yeyote wa Malindi au Shangani angezitambua kuwa ni kazi ya wenzake. Baadhi ya waliobeba mawe hayo walikuwa watumwa waliokombolewa, watu wa misheni. Wenzao walikuwa wameshawekewa makazi Mbweni, kusini mwa mji, na mwaka 1876 Steere mwenyewe alitembea na kundi lao kuelekea kusini bara, safari iliyozaa Masasi.

Safari za namna hiyo ndizo zinazotajwa katika habari ya nguzo. Nyuma ya kanisa, sehemu ya ubatizo, zipo nguzo ambazo sehemu iliyopaswa kuwa kichwa iko sakafuni na kitako kiko juu. Inasemwa mafundi walizisimamisha Askofu hayupo, aliporudi akaamua zibaki zilivyo. Mimi naikubali habari hii bila shida. Fundi wa pwani angeweza kukuchongea mlango wa msaji wenye minyororo, mawaridi na aya bila kukosea hata jani moja, lakini nguzo ya Kiyunani yenye kitako na taji hakuwahi kuagizwa. Kwa macho yake, upande wenye mapambo kukaa chini au juu ilikuwa hiari ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa Masasi.

Mbele ya madhabahu

Mwanglikana wa Dodoma au Mpwapwa akiingia Mkunazini Jumapili anaweza kudhani amekosea njia akaingia Minara Miwili kwa Wakatoliki. Anasikia misa, ananusa ubani, anaona mavazi. UMCA walikuwa Waanglikana wa upande wa Kikatoliki, tofauti na wenzao wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, waliofika Tanzania ya kati na Kenya na mahubiri marefu na madhabahu tupu. Tabia hiyo ilizidi wakati wa Askofu Frank Weston, aliyeongoza kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924. Kwa hiyo madhabahu ya hapa imeinuliwa na kupambwa, na michoro yake ya vipande vidogo vya rangi inahusishwa na Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana Mbweni kwa miaka mingi. Nyuma yake ndipo alipozikwa Steere, aliyefariki Agosti 1882.

Duara lenyewe ni la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, na nyekundu hiyo inasimama kwa damu. Kwamba hapa palikuwa sokoni hakuna ubishi. Kwamba mti ulisimama hasa hapo, hatua kwa hatua, ni mapokeo ya misheni yenyewe, na yana umri wa kuheshimika. Ninapositasita ni kwenye nyongeza ya watembezaji, kwamba watumwa walichapwa mnadani ili asiyelia apate bei nzuri. Wasafiri walioliona soko la Unguja katika karne ya 19 wanaeleza mambo ya kutia kichefuchefu kwa namna nyingine: watu wamepakwa mafuta wang'are, wamevishwa nguo safi na vito vya kuazima, wanapangwa kwa umri, wanapitishwa barabarani huku bei ikitangazwa, wanafunuliwa vinywa, wanakaguliwa mwili mzima, wanaambiwa watembee na wakimbie. Mfanyabiashara aliyetumia mafuta kuficha kovu hakuwa na sababu ya kuongeza makovu mapya mbele ya mnunuzi. Viboko vilikuwapo kwa wingi, njiani na mashambani.

Pembeni umening'inizwa msalaba mdogo wa mbao. Mbao hiyo inatoka Chitambo, Zambia ya leo, kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Alifariki tarehe 1 Mei 1873, wiki tano kabla ya mkataba wa Barghash, na hakupata kujua kwamba soko limefungwa. Nao waliokusanyika Krismasi kuweka jiwe la msingi hawakujua kwamba yeye amekufa. Habari zilifika pwani mwanzoni mwa 1874. Ziliwatangulia watumishi wake Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, waliokausha maiti, wakaifunga, wakaibeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Wainwright ndiye aliyesoma sala za mazishi pale Chitambo na kuchonga jina kwenye gome la mti. Kwenye kioo cha rangi kanisani jina la Livingstone limo, na mabaharia wa Kiingereza waliokufa kwenye doria wana kumbukumbu yao. Ningependa kuona na jina la Susi.

Habari ya mnara wa saa inahitaji kalenda. Husimuliwa kwamba Barghash alimwomba Steere mnara usizidi Beit al-Ajaib, Jumba la Ajabu, na Steere alipokubali Sultani akampa saa kwa furaha. Jumba la Ajabu lilimalizika 1883. Steere alikwisha kuwa kaburini tangu mwaka uliotangulia. Kama mazungumzo hayo yalikuwapo, basi mmoja alikuwa na mnara wa kwenye karatasi na mwingine jumba lenye majukwaa ya mafundi. Na kama yalifanywa na askofu aliyefuata, basi jina limebadilishwa kwa sababu Steere anajulikana zaidi. Lisilobishaniwa sana ni kwamba saa ilitoka kwa Barghash. Sultani aliyebanwa kufunga soko akatoa saa ya kanisa lililojengwa juu yake. Wapo wanaouita ukarimu, mimi naona pia siasa safi: baada ya 1873 mtu wa kumfurahisha mjini alikuwa Kirk, na saa ni zawadi isiyomgusa Mwislamu yeyote imani yake. Jumba la Ajabu lenyewe liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Vyumba vya chini

Sasa lile gumu. Vyumba viwili vinavyoonyeshwa kama magereza ya watumwa viko chini ya jengo la Mtakatifu Monica, jirani na kanisa. Vina dari fupi, viti vya zege pande mbili, matundu membamba ya hewa na minyororo. Mtu anatoka humo amenyamaza.

Lakini jengo la juu lilijengwa na misheni katika miaka ya 1890, likiwa hospitali. Soko lilikuwa limefungwa miaka karibu ishirini. Wamisionari waliokuja kupambana na utumwa hawakuchimba magereza ya watumwa chini ya wodi zao. Wanahistoria wanaoitazama Zanzibar kwa makini wamelisema hili mara nyingi: vyumba hivyo yaelekea vilikuwa ghala la hospitali, la dawa na vifaa vinavyotaka ubaridi. Isitoshe, soko la Mkunazini lilikuwa uwanja wa kuuzia. Watumwa walilala kwenye nyumba na mabanda ya wenye mali sehemu mbalimbali za mji, wakaletwa sokoni mchana.

Nimewasikia watu wakikasirika kuambiwa hivi, wakidhani anayevikana vyumba anaukana utumwa. Ni kinyume. Idadi za forodha za miaka ya 1860, ripoti za mabalozi na kumbukumbu za waliokombolewa zinatosha kumfunga mkanushaji mdomo. Chumba cha dawa kilichobatizwa jina jingine ndicho kinachompa nafasi ya kucheka. Nje ya kanisa kuna kazi ambayo haidanganyi mtu: shimo la mstatili lenye sanamu tano za msanii Clara Sörnäs wa Sweden, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu watano wamesimama shimoni, vichwa vyao viko karibu usawa wa ardhi unayokanyaga, na shingoni wamefungwa minyororo ya kweli ya zamani. Kila anayeitazama anajua ni sanamu, na bado anatazama.

Mwaka 2014 kanisa na uwanja wa soko viliingizwa kwenye orodha ya World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ya majengo yaliyo hatarini. Nyufa zilikuwa zimetokea, maji ya mvua yakipenya. Majengo ya namna hii huumwa zaidi na tiba: ukuta wa chokaa unapumua, ukiziba ufa wake kwa saruji ya dukani, unyevu unakosa pa kutokea na matumbawe yanaanza kumung'unyika nyuma ya lipu. Kwa fedha za Umoja wa Ulaya kazi ya kulikarabati ilifanyika, na mwaka 2016 katika uwanja huohuo kikafunguliwa kituo cha maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki. Huko tarehe zimetenganishwa, wenye mitaji wametajwa, na njia za misafara zimechorwa kwenye ramani.

Waanglikana wa Unguja ni wachache, na kundi dogo kama hilo haliwezi kubeba peke yake paa la zege la karne ya 19. Wageni ni wengi na wanakata tiketi. Wengi wao hutumia muda mfupi kwenye maonyesho na muda mrefu vyumbani, kwa kuwa vyumba ndivyo walivyoviona kwenye picha za waliotangulia, na mtembezaji anayelipwa kwa bahashishi anajua fika kipi kinamfungua mgeni pochi.